Malezi ya Watoto: Zawadi, Urafiki, na Jumba la Njoro



Katika darsa yetu ya baina ya Magharibi na Isha tumekuwa tukisoma mlango wa malezi, na katika mas'ala tuliyoletewa na wazazi liko moja lililotushughulisha kuliko mengine, nalo ni hili: mtoto mdogo afunzwe vipi kwamba mwenzake ni bora kuliko kitu alichokuja nacho mwenzake? Swali laonekana jepesi. Mzazi yeyote ukimwuliza atakujibu kwamba urafiki hauna bei, na huku mwanawe yuko barazani ahesabu ni nani aliyemletea kitu na nani aliyekuja mikono mitupu.

Tuanze na Idi, kwani hiyo ndiyo siku ambayo watoto wetu wa mwambao hujifunza mengi kwa muda mchache. Mtoto wa Mombasa, au wa Lamu, au wa Malindi, huvikwa nguo mpya asubuhi, akatoka na wenzake kupita nyumba kwa nyumba kutoa salamu na kupewa mkono wa Idi. Desturi hii ni njema, wala hatukusudii kuitia ila. Wazee wetu walitaka mtoto azijue nyumba za jamaa na majirani, aamkie, abusu mkono, aambiwe na mzee wa nyumba, "Wewe si mjukuu wa fulani? Babu yako tulisoma naye chuo kimoja." Ile sarafu aliyotiwa kiganjani ilikuwa ni ya kumvuta miguu tu. Lakini mtazameni arudipo nyumbani. Neno la kwanza tumwulizalo ni, "Umepata ngapi?" Hatumwulizi amefika kwa nani, wala amemkuta nani kitandani mgonjwa, wala amecheza na nani. Na mtoto ana akili kuliko tudhanivyo. Lile swali tulitangulizalo hulichukua kuwa ndilo kubwa mbele yetu. Mwaka wa pili utamwona aikimbilia nyumba itoayo noti, na aipita kwa mbio nyumba ya bibi kizee atoaye kaimati na dua. Tukamkemea kwa tamaa, na tamaa hiyo tumemfunza sisi.

Wala jambo hili halikomi siku ya Idi. Siku hizi kuna hafla za kuzaliwa (hukumu yake si mada yetu leo), ambapo zawadi hufunguliwa mbele ya wageni wote, na mtoto aliyeleta daftari na kalamu aiona zawadi yake ikiwekwa kando huku motokaa ya betri ikishangiliwa. Mama mmoja alitueleza kwamba mwanawe wa miaka sita alikataa kwenda kwa sahibu yake mpenzi kwa kuwa nyumbani hapakuwa na cha kupeleka. "Watanicheka," alisema. Mama akatoka kwenda kukopa. Ndugu zetu, tuliyaona haya kuwa ni mazito. Mtoto wa miaka sita amekwisha kufahamu kwamba kuna kiingilio cha kulipa ndipo umwone rafiki yako, na mamake, kwa huruma zake, amekilipa kwa deni na kumthibitishia.

Na wako ndugu zetu waliosafiri Saudia, Qatar na Imarati kutafuta riziki. Hawa hatuwalaumu hata chembe, maana ada za shule na dawa za wazee zatoka katika jasho lao. Ila twawausia jambo moja. Mtoto aliyeachwa angali mdogo humjua mama au baba kwa sanduku lifikalo kila baada ya miezi, na akizoea hivyo, siku mzazi mwenyewe aingiapo mlangoni, mtoto hutazama kwanza mizigo. Basi katika simu zenu mwulizeni majina ya wenzake. Ni nani uketiye naye chuoni? Mbona leo hukumtaja Salim, mmegombana? Mzazi aliyeko mbali ajuaye kwamba mwanawe amegombana na Salim yuko karibu naye kuliko aliyemo nyumbani asiyejua.

Katika kutafuta mfano wa kuwaeleza watoto, tuliupata mmoja bara, mahali ambapo vijana wetu wengi wa pwani wamepita kwa ajili ya masomo, napo ni Njoro.

Njoro ni mji mdogo katika kaunti ya Nakuru, upande wa magharibi wa mji wa Nakuru, penye ardhi ya rutuba ipandayo taratibu kuelekea milima ya Mau. Jina lenyewe latokana na neno la Kimaasai lenye maana ya chemchemi. Wamaasai walilisha huko mpaka serikali ya Kiingereza ilipowaondoa katika sehemu hizo za Bonde la Ufa kwa mapatano ya mwaka 1904. Na mwaka mmoja kabla yake Lord Delamere alikuwa amekwisha kupewa huko Njoro ekari 100,000. Khabari hii twaitaja kwa kupita, ili msomaji ajue kwamba mali tutakayoieleza ina asili yake.

Miongoni mwa mabwana wa Kiingereza waliofuata alikuwa Maurice Egerton, aliyezaliwa mwaka 1874, naye ni Baron wa nne wa Egerton wa Tatton, mtu wa mali nyingi sana. Mwaka 1938 alianza kujenga jumba la mawe mahali paitwapo Ngata, karibu na Njoro, kwa mfano wa majumba ya mabwana wa kwao. Vita vikuu vya pili vikaikawiza kazi, na jumba halikwisha ila mwaka 1954. Lina vyumba 52. Wenyeji, na wale wawatembezao wageni, husimulia kwamba bwana huyu alikuwa amemposa mwanamke wa cheo, na mwanamke alipoiona nyumba aliyokuwa nayo kwanza akaifananisha na kizimba cha kuku. Ndipo akajenga jumba. Na lilipokuwa tayari, mwanamke akasema kwamba hilo ni makumbusho, si nyumba ya mtu kukaa, akenda zake. Husimuliwa pia kwamba tangu siku hiyo bwana hakutaka mwanamke akanyage kiwanjani mwake.

Hayo ni masimulizi, na masimulizi hutiwa chumvi njiani. Lakini yaliyo thabiti yatosha. Egerton hakuoa wala hakuacha mtoto. Jumba lilipokwisha alibakiwa na miaka minne ya kuishi, akafa mwaka 1958, na cheo cha ubaroni kikakoma pamoja naye kwa kukosa mrithi. Jumba sasa liko mikononi mwa Chuo Kikuu cha Egerton, watu hulipa wakaingia kulitazama, na wako waendao kufanyia arusi zao huko huko, jambo ambalo lingemshangaza mwenyewe.

Sisi twaona kisa hiki chafaa kuelezwa mtoto wa miaka mitano au sita, kwa sharti kielezwe kwa kiasi chake. Mwelezaji asianze na mawaidha, kwani mtoto akisikia sauti ya mawaidha hufunga masikio. Aanze na hesabu. Nyumba yetu ina vyumba vingapi? Viwili. Bwana yule alikuwa na vyumba 52. Sasa mwulize: usiku ukiingia, bwana yule alilala katika vyumba vingapi? Mtoto atafikiri kidogo, kisha atacheka na kusema, "Kimoja!" Hapo usiongeze neno. Mwulize tena: na asubuhi, chai alikunywa na nani? Mtoto mwerevu atakwambia kwamba alikuwa na watumishi. Mwambie ni kweli, watumishi walikuwako, ila mtumishi huja kwa mshahara, na usipolipwa yuna haki asije. Kisha mwulize: yule mwenzako wa jirani anayekuja kukuita kila alasiri, wewe wamlipa ngapi? Tumewaona watoto wakinyamaza kwa swali hili, na kunyamaza kwao kulikuwa bora kuliko majibu yetu.

Kuna swali ambalo mtoto hakosi kulileta: kwa nini yule bibi hakuitaka nyumba nzuri? Wengi huharibu hapa. Mmoja humfanya bibi kuwa mjeuri asiye na shukrani, mwingine humfanya bwana kuwa mpumbavu, na mtoto akatoka na chuki badala ya faida. Jibu tulionalo ni la haki kwa wote wawili ni kwamba, kama masimulizi ni sawa, bwana alilisikia neno moja tu katika maneno ya yule bibi, neno la udogo wa nyumba, akadhani hilo ndilo lote. Toka 1938 hata 1954 ni miaka 16, na miaka hiyo yote alishughulika na mawe. Katika muda huo mtu aweza kukaa na mwenziwe akajua acheka kwa nini, akasirika kwa nini, na chakula apendacho. Mtoto hulifahamu hili upesi kwa mfano wa mchezo. Yuko mwenzako aliye na mpira mzuri, lakini ukikosa mara moja akufukuza. Na yuko asiye na mpira, naye hukungoja mpaka ujifunze. Mwulize ni yupi angependa aje kesho.

Wala haitakuwa insafu kuieleza nusu ya khabari ya mtu huyu tukaiacha nusu. Mwaka 1939, wakati kuta za jumba zikipanda, Egerton alianzisha huko Njoro shule ya ukulima. Mwanzo ilikuwa ya vijana wa Kizungu peke yao. Mwaka 1958 akaiongezea ekari 1,100, na muda si mrefu baadaye milango ikafunguliwa kwa watu wa kila rangi, mpaka mwaka 1987 ikawa chuo kikuu kamili chenye jina lake. Lile jumba lililojengwa ili kumvuta mtu mmoja halikumleta hata huyo mmoja. Na ile ardhi iliyotolewa watu wasome, ingawa mtoaji mwanzo aliwakusudia watu wa rangi yake, imewalaza bweni moja Mkikuyu na Mkalenjin, Mluo na Mdigo, Mbajuni na Mkisii. Wako vijana wetu waliopanda gari Mombasa wakienda huko hali hawamjui mtu, na likizo ya pili wakashuka na mgeni wa bara aliyekuja kuiona bahari kwa mara ya kwanza, akala wali wa nazi sinia moja na nduguze rafiki yake.

Ama Wamaasai waliokuwa wenyeji wa malisho hayo, wao wana desturi ambayo tungependa kila mlezi aijue. Mtu akimpa rafiki yake mnyama, basi tangu hapo wawili hao huacha kuitana kwa majina yao, na kila mmoja humwita mwenzake kwa jina la kile kilichotolewa. Aliyepewa ng'ombe na aliyempa huitana pakiteng. Wa kondoo huitana paker. Tazameni uzuri wa jambo hili. Ng'ombe atazeeka, au ataliwa na simba, au atakufa kwa ukame, na jina libaki. Mtoaji na mpokeaji huitwa jina moja, hata asiyejua hawezi kubainisha nani alikuwa na nani akapewa. Sisi twampa mtu kitu tukataka akumbuke kwamba sisi ndio tuliotoa.

Na Njoro ina khabari nyingine, yenye uchungu. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, fitina iliwaka katika Bonde la Ufa, na Njoro ilikuwa miongoni mwa sehemu zilizopatwa. Katika Kenya nzima watu zaidi ya 1,100 waliuawa, na maelfu kwa maelfu wakahama makwao. Maduka, maghala ya mahindi, mifugo, na vyombo vilivyokusanywa kwa miaka vilikwenda kwa usiku mmoja. Lakini katika Bonde hilo hilo wako waliopona kwa sababu jirani wa kabila jingine aliwafungulia mlango wake na kuwaficha, naye akijua hatari yake. Mlango kama huo haufunguki kwa zawadi iliyoletwa siku ile. Ulikwisha kufunguliwa zamani, watoto walipokuwa wakiingia na kutoka bila kubisha, wakila kwa huyu na kunywa maji kwa yule. Wazee wetu waliposema kwamba akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, hawakusema kwamba rafiki huyo hupatikana siku ya dhiki. Kwa hivyo mtu asituambie kwamba mazungumzo haya ya michezo ya watoto ni mambo madogo.

Huenda msomaji akauliza: basi tuache kuwapa watoto zawadi? Hasha. Mtume wetu (s.a.w.) ametuhimiza tupeane zawadi ili tupendane, na akawakataza wanawake wasiidharau zawadi ya jirani hata ikiwa ni ukwato wa kondoo. Katika mafunzo hayo mawili yote yamo: zawadi hutolewa kwa ajili ya mapenzi, na kwa sababu hiyo udogo wake hauidhuru. Na alipokuja Bashir bin Saad kumshuhudisha Mtume juu ya zawadi aliyompa mwanawe Nuuman, aliulizwa kama watoto wake wote amewapa mfano wa hiyo. Alipojibu kwamba la, aliamrishwa amche Mungu na afanye uadilifu baina ya watoto wake, naye akairudisha ile zawadi. Kitu kizuri alichopewa mmoja kingewaharibia ndugu udugu wao, na udugu ulikuwa na haki ya kutangulia.

Lakini katika yote tuliyosoma, lililotugusa zaidi ni lile la Abu Umair, ndugu mdogo wa Anas (r.a.). Mtoto huyu alikuwa na kindege akichezea, na kindege kikafa, akahuzunika. Mtume (s.a.w.) alipomkuta katika hali hiyo alimwita kwa jina la heshima kama aitwavyo mtu mzima, akamwuliza kwa mzaha wa upole khabari za kindege chake. Mmoja wetu angekimbilia sokoni kununua ndege wa pili ili mtoto anyamaze. Ametufunza kwamba mtoto mwenye huzuni ahitaji kwanza mtu wa kuijua huzuni yake. Na mtoto aliyefanyiwa hivyo ndiye ajuaye kumfanyia mwenziwe.

Sasa tuje katika matendo, kwani mtoto wa umri huu hafundishiki kwa maneno matupu.

Kabla ya kununua kitu cha mtoto, jiulize kwanza: kitu hiki chataka watoto wangapi? Mpira wataka wawili kwa uchache. Kamba ya kuruka yataka watatu, wawili wa kuizungusha na mmoja wa kuruka. Tiara yaweza kurushwa na mmoja, lakini kuitengeneza, kukata vijiti, kubandika karatasi, kufunga mkia, kwataka mikono minne na ugomvi kidogo. Mdako haununuliwi kabisa, wataka vijiwe na kishimo. Ama simu anayopewa mtoto ili asitusumbue yataka mtoto mmoja tu, na twamwona jinsi akaavyo pembeni nayo, wenzake wakimchungulia mabegani mpaka wakachoka, wakaenda zao.

Wenzake wakivunja kitu chake, usianze na bei. Mama akisema, "Hicho tulikinunua shilingi elfu mbili!", amekwisha kumweka mwenziwe kwenye mizani pamoja na elfu mbili. Aseme kwanza, "Amejikata? Hebu tumtazame mkono." Kitu kitakuja kuulizwa baadaye, na mvunjaji afunzwe kuomba radhi na kusaidia kukitengeneza, maana hatusemi kwamba mali ya watu haina heshima.

Mwenziwe akiugua, mpeleke akamwone, na siku moja moja mpeleke bila kitu mkononi, kwa makusudi. Ataona haya mlangoni. Mwache aone haya kidogo, kisha aone jinsi mgonjwa anavyofurahi. Ila tusimfunze mtoto maskini kwamba umaskini ndio fadhila, wala wa tajiri kwamba ajifiche alichonacho. Wazee walisema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Mtoto mwenye embe moja ayajua maneno haya pindi aligawapo kwa meno, nusu kwake na nusu kwa mwenziwe, wala hajali kwamba si safi.

Na yule mama aliyekwenda kukopa, tulimjibu hivi. Deni lilipe, wala usimsute mtoto kwa ajili yake. Lakini hafla nyingine ikija, ingieni jikoni wewe na yeye, mpike kaimati, yeye amwagie shira kwa mkono wake hata kama atamwaga nusu chini. Kisha mpeleke mapema, kabla ya wageni, asaidie kutandika mikeka na kupanga vikombe, maana mgeni husubiri kukaribishwa, na rafiki hupewa kazi. Wakati wa kufungua zawadi huenda ukamkuta uwanjani. Na akirudi, usimwulize zawadi zilikuwa ngapi wala nani alileta nini. Mwulize walicheza mchezo gani, na nani alishinda.